Tuwacheke Waposaji, Tusizicheke Ndimi Zao

Muhula uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya michezo ya kuigiza katika shule moja ambayo sitaitaja jina. Mashindano yenyewe yalikuwa ya ndani, mabweni manne yakigombania kombe lililokwisha kupoteza mng'ao wake. Niliketi meza ya mbele pamoja na walimu wawili, kila mmoja na karatasi yake ya alama. Mchezo wa tatu ndio ulionifanya nishike kalamu leo.

Kisa chake kilikuwa hiki. Mzee mmoja mwenye mali anaandaa dhifa kusherehekea kuhitimu kwa bintiye katika chuo kikuu. Waposaji wawili wamealikwa, mmoja na baba mtu, mwingine na mama mtu, na hakuna ajuaye habari za mwenziwe. Wa kwanza ni karani wa benki, mwenye suti ya kuazima na tai iliyomkaba koo. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka mashambani, amebeba jogoo wa zawadi chini ya kwapa. Kumbe wote wawili wameinunua hotuba ya posa kwa mwandishi mmoja! Karani anaposimama kuisoma yake, mwalimu anaanza kuinong'ona sentensi kwa sentensi, kisha anamtangulia, mpaka mwishowe wanaisoma kwa pamoja kama wanakwaya, macho yamewatoka pima. Karani, kwa kufadhaika, anakunywa maji ya kunawia yaliyotiwa vipande vya ndimu. Jogoo anaponyoka, anaingia chini ya meza kuu, na wazee wenye heshima zao wanainua miguu juu.

Nilicheka hadi miwani ikaingia ukungu. Watoto wale walikuwa na kipaji, na aliyewafunza ni mwalimu hodari. Lakini mara yule mposaji wa pili akapewa nafasi ya kujieleza kwa maneno yake mwenyewe, akafungua kinywa na kuzungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya mojawapo ya lugha zetu za Kenya. Lugha hiyo sitaitaja, kwa kuwa kuitaja ni kukiendeleza kicheko kile. Ukumbi ulipasuka. Kuanzia hapo kila kitu kingine kilisahauliwa. Jogoo alisahauliwa, hotuba ya kununua ilisahauliwa, hata karani aliyekunywa maji ya kunawia akawa si kitu tena. Mwigizaji, ambaye alikuwa mwerevu wa kutosha kujua soko linataka nini, akawa analivuta kila neno, analikunja, analirudia. Hapakuwa na haja tena ya kisa.

Baada ya mchezo mwalimu msimamizi aliwaruhusu wanafunzi kuwauliza waigizaji maswali, desturi nzuri ambayo natamani ienee. Msichana mmoja mdogo wa umbo aliinua mkono katika safu za katikati. Alisimama, akasema anataka kuuliza juu ya yule binti mwenye karamu. Hakufika mbali. Lafudhi yake ilikuwa ile ile ya mposaji, tena si ya kuigiza. Wanafunzi wakaangua kicheko kana kwamba mchezo ulikuwa ungali unaendelea. Sidhani walikuwa na nia mbaya; walikuwa wamefundishwa, dakika chache tu zilizopita, kwamba sauti ile ni ishara ya kucheka, nao wakaitikia. Msichana akatabasamu, tabasamu la mtu anayeomba radhi, akaketi. Mwalimu akamwita mwingine.

Haya si mambo madogo. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kwa zaidi ya miaka 15 nimewapokea chuoni vijana wanaoandika Kiswahili cha kupigiwa mfano lakini hawathubutu kukitamka mbele ya darasa. Nikiwaita ofisini na kuwadadisi, takriban kila mmoja ana siku yake anayoikumbuka, siku alipotamka neno fulani na darasa zima likacheka.

Sasa, kuna watakaosema kwamba Daktari huyu anataka kutunyima kicheko. La hasha. Kisa cha waposaji mahasimu wanaofedheheka mbele ya wageni ni cha kale mno, na kingali kitamu. Ninachouliza ni kicheko chenyewe kimwangukie nani, na kwa kosa gani.

Hebu tumtazame bwana mmoja wa Ufaransa ambaye aliijua kazi hii kuliko wengi. Mnamo Novemba 1659, mjini Paris, Molière alitoa jukwaani mchezo mfupi wa tendo moja uitwao Les Précieuses ridicules. (Tamasha zetu za drama za shule zilianza 1959, miaka 300 baadaye; hilo nalitaja kwa kunifurahisha tu.) Wasichana wawili, Magdelon na binamu yake Cathos, wametoka mikoani wakahamia Paris, na vichwa vyao vimejaa riwaya za mapenzi. Waposaji wawili waungwana, La Grange na Du Croisy, wanafika kwa heshima kutaka ndoa. Wanafukuzwa kwa dharau. Kosa lao? Wamezungumzia ndoa moja kwa moja, bila ya kuzunguka miezi na miaka kama mashujaa wa vitabuni, na kofia zao hazina manyoya ya kutosha. Basi waungwana hao wanapanga kulipiza kisasi. Wanawatuma watumishi wao, Mascarille na Jodelet, wakiwa wamevishwa mavazi ya kikabaila, waje kuposa mahali pao.

Mascarille anaingia sebuleni akiwa amebebwa ndani ya kiti cha wachukuzi, na jambo la kwanza analolifanya ni kukataa kuwalipa waliombeba. Mmoja wao anapokamata fimbo, kabaila wetu analipa upesi. Kisha anatunga shairi la papo kwa papo ambalo halina kichwa wala mguu, analiimba kwa sauti mbovu, na wasichana wanazimia kwa kustaajabu. Jodelet anapofika, watumishi hao wawili wanasimuliana vita walivyopigana, wanawaalika wasichana waguse makovu yao, na mmoja anajigamba kwa kuteka ngome ya nusu mwezi, mwenziwe anamsahihisha kwamba ulikuwa mwezi mzima. Wapiga fidla wanaitwa, majirani wanaalikwa, dansi inaanza. Katikati ya dansi wanaingia mabwana wenye mali, wanawacharaza watumishi wao fimbo mbele ya wageni wote, kisha wanawavua mavazi, vazi baada ya vazi, manyoya baada ya manyoya. Wapiga fidla wanabaki wakidai ujira wao. Anayewalipa ni baba mzazi, Gorgibus, na anawalipa kwa mkong'oto.

Mwanaisimu hawezi kuupita mchezo huu bila ya kutua. Wasichana wale hawakubali kukiita kitu kwa jina lake. Kiti kwao si kiti, bali ni chombo cha kurahisisha maongezi. Kioo nacho kimepewa cheo cha mshauri wa urembo. Mjakazi wao, Marotte, anawaambia wazi kwamba akitakiwa aelewe, azungumziwe lugha ya watu. Na ajabu ni kwamba Marotte mwenyewe, katika kusema hivyo, anakosea kulitamka neno falsafa. Watazamaji hucheka. Lakini tazama mahali kicheko kinapotua: Marotte amekosea herufi, ilhali ndiye pekee mwenye akili timamu katika nyumba ile. Mabibi zake wanatamka kila kitu sawasawa wala hawasemi lolote.

Hapo ndipo penye tofauti ninayoitafuta. Mascarille anachekwa kwa kile alichokivaa. Manyoya aliyavaa mwenyewe, cheo alijitwika mwenyewe, mashairi aliyatunga mwenyewe. Kwa hiyo yanaweza kuvuliwa pale mlangoni, na huo ndio utamu wa tamati yake. Lafudhi ya yule msichana wa safu za katikati haikuvaliwa. Utamvua vipi?

Nisidhaniwe kuwa namfanya Molière malaika. Miaka 10 baadaye, Oktoba 1669, katika kasri la Chambord mbele ya mfalme Louis wa 14, alionyesha Monsieur de Pourceaugnac. Humo kuna mposaji kutoka Limoges ambaye amekuja Paris kumwoa msichana aliyeahidiwa na babake, na hasimu wake mjini anamtungia kila aina ya vitimbi ili akimbie. Madaktari wanamkimbiza kwa bomba la enema. Wanawake wawili wanajitokeza, mmoja akijifanya wa kusini na mwingine wa Picardie, kila mmoja akitumia lahaja ya huko, wakidai aliwaoa zamani, na watoto wanamzingira wakimwita baba. Mwishowe anatoroka amevaa nguo za kike. Naam, kinachekesha. Lakini mara nyingi ninapokisoma najikuta naona haya kwa niaba ya wale wanaocheka, kwa maana kosa kubwa la mtu yule ni kutoka Limoges. Mabwana wa Paris walicheka mkoa mzima.

Shakespeare, kwa upande wake, alijua namna ya kuugeuza mkuki. Wale waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1969, watamkumbuka Portia akiwahesabu waposaji wake mmoja mmoja kwa ulimi wenye makali. Katika orodha hiyo yumo bwana mmoja wa Uingereza. Huyu ni kijana mzuri wa sura, ila hawezi kuzungumza na Portia hata neno, kwani hajui Kilatini, wala Kifaransa, wala Kiitaliano. Amebaki kama picha ukutani. Watazamaji wa London waliokuwa wakitazama hayo walikuwa wakijicheka wenyewe, na ugonjwa wao wa kutojua lugha yoyote isipokuwa yao. (Yanayosemwa juu ya rangi ya mwana wa mfalme wa Moroko katika mchezo huo huo ni habari nyingine, tena chungu, na mwalimu anayeufundisha asiyapite kimya.)

Na Gogol wa Urusi? Katika mchezo wake wa ndoa, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1842, waposaji kadhaa wanakutana sebuleni kwa binti mmoja wa mfanyabiashara, kila mmoja akijisingizia ana shughuli nyingine. Mmoja wao, Anuchkin, ameapa hataoa mke asiyejua Kifaransa. Yeye mwenyewe hajui hata neno moja la Kifaransa; anamlaumu marehemu babake kwa kutomfunza. Mwenzake, mwanamaji mstaafu, anawasimulia jinsi alivyofika Sicily na kusikia hata wakulima wa kule wakisema Kifaransa tupu, na wote wanastaajabu. Waama kilikuwa Kiitaliano. Nawajua akina Anuchkin wengi. Wamo katika kamati za shule zetu. Wanadai watoto wazungumze Kiingereza tangu getini, wao wenyewe wakihutubia siku ya wazazi kwa lugha ambayo haijulikani ni ipi. Wa kuigizwa kwenye dhifa ni hao!

Turudi kwenye lafudhi. Wengi hudhani kwamba mtu mwenye lafudhi ya lugha ya mama ni mvivu, au mshamba, au hakusoma. Isimu haisemi hivyo. Kila lugha ina hazina yake ya sauti, na mtoto huijenga masikioni kabla hajaingia shule. Kijaluo hakina sauti inayoandikwa kwa sh, basi shamba likawa samba. Gikuyu haitofautishi r na l kama Kiswahili kifanyavyo. Lugha za Kikalenjini hazitenganishi p na b, wala t na d, wala k na g kwa ajili ya maana, kwa hiyo sikio la mzungumzaji wake halikufunzwa kuzitega tofauti hizo. Hakuna ajabu yoyote hapa, na hakuna dhambi. Wala asidhani Mwingereza kuwa amesalimika: katika lugha yake sauti ya ng' haianzi neno hata mara moja, ndiyo maana ng'ombe humsumbua hadi akachoka. Lakini Mwingereza akisema ngombe kwa ng ya ngoma, sisi humpigia makofi kwa kujitahidi kusema Kiswahili. Mtoto wa Mkenya akiteleza kwa kiasi hicho hicho humcheka hadi akaketi.

Hata watu wa Pwani, wanaojiona wamo ndani ya nyumba, ni wageni kwa kiasi fulani. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928, kabla ya Kamati ya Lugha kuanza kazi 1930. Mzawa wa Mombasa anayesema ndoo kwa maana ya njoo, au mtele kwa maana ya mchele, anazungumza Kimvita safi alichorithi kwa mababu. Nimeona mwalimu wa bara akimsahihisha mtoto wa namna hiyo kwa kalamu nyekundu, darasa likicheka. Huo nao ulikuwa mchezo wa kuigiza, ila hapakuwa na mwamuzi.

Najua hoja nitakayorushiwa, tena ni nzito. Je, Mzee Ojwang'? Marehemu Benson Wanjau, aliyetutoka 2015, aliwachekesha Wakenya kwa miongo mingi katika Vitimbi akiwa na lafudhi ya Kijaluo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mgikuyu. Walimpenda Wajaluo, walimpenda wote. Nami nilimpenda. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na jawabu langu ni kwamba Ojwang' alikuwa mtu kamili. Alikuwa na hila, ubahili, mke anayemzidi kete, na majigambo yanayompeleka pabaya. Ungemwondolea lafudhi, kisa kingebaki kimesimama. Yule mposaji wa shuleni ukimwondolea lafudhi, alikuwa amebaki nini baada ya jogoo kukimbia? Hata hivyo nakiri mpaka huu ni mwembamba, na kwamba waigaji wengi wa Ojwang' waliichukua sauti wakamwacha mtu.

Hatari yenyewe ni kongwe. Katika Biblia, sura ya 12 ya kitabu cha Waamuzi, watu wa Gileadi wanasimama vivukoni na kumtaka kila mpitaji atamke neno moja, Shibolethi. Mwefraimu hushindwa na sh, hutamka Sibolethi, na hapo hapo huuawa. Kitabu kinasema walikufa 42,000. Sisemi kwamba mchezo wa bweni unaelekea huko. Nasema tu kwamba nchi iliyopitia yaliyotupata mwanzoni mwa 2008 haina sababu ya kuwazoeza watoto wake kutega sikio ili kujua nani ametoka wapi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, imeitaka dola ikuze na kulinda wingi wa lugha za wananchi. Ukumbi wa shule nao umo ndani ya dola hiyo.

Kwa walimu wanaotunga michezo ya msimu ujao nina ombi dogo. Mnapowaalika waposaji wenu wawili kwenye dhifa, wanyang'anyeni kwanza lafudhi, kisha mtazame kama bado wanachekesha. Hotuba ya kununua inachekesha. Mtu anayejisingizia Kifaransa cha Sicily anachekesha. Mposaji anayesifu nyumba ya mkwe kwa kuhesabu mabati yake anachekesha. Vijana wanayaona haya kila Jumamosi kwenye arusi na harambee, nao wana macho makali kuliko yetu. Ikilazimu kuwapo na mtu wa lafudhi, basi mpeni akili, kama Marotte.

Mchezo ule niliupa alama za juu katika ubunifu wa kisa na za chini katika uhusika, na nikaandika sababu zangu nyuma ya karatasi. Mwenzangu mmoja mezani hakukubaliana nami, tukabishana kirafiki hadi chai ikapoa. Kabla ya kuondoka nilimwomba mwalimu msimamizi anitafutie swali la msichana yule, kwani lilinikera kwenda nyumbani bila ya kulisikia. Wiki mbili baadaye alinitumia, likiwa limeandikwa kwa mwandiko wa duara, wino wa buluu, bila ya kosa hata moja la tahajia.

Alitaka kujua kwa nini, katika karamu nzima iliyoandaliwa kwa heshima ya binti, hakuna mtu aliyemuuliza binti anampenda nani.

Nimeirudia hati ya mchezo ule, ambayo mwalimu alinipa nakala yake. Ina kurasa 22. Binti anasema maneno manne tu, na yote ni kuwakaribisha wageni chakula.